Mkahawa Usio na Kahawa: Urojo wa Uchochoroni Darajani

Nyuma ya soko la Darajani, mjini Unguja, katika uchochoro usiopitika kwa gari, kipo kibanda chenye ubao ulioandikwa "Mkahawa", nacho hakiuzi kahawa. Nimekula hapo jioni tatu, na kila nilipouona ubao ule nilisikitika, kwa sababu mkahawa ni mahali pa kahawa, jina tulilolijenga juu ya neno la Kiarabu, qahwa, kama Wafaransa nao walivyopaita café mahali panaponywewa kinywaji hicho. Anayelisoma ana haki ya kutarajia dele, vikombe vidogo na kashata.

Chakula chenyewe sina la kukilaumu. Urojo wake umestahiki jina lake, kwani kitu cha rojorojo hakitakiwi kiwe chepesi kama maji wala kizito kama uji. Una rangi ya manjano, ukali wa embe mbichi na ndimu, na ndani yake mna mbatata, bajia, kachori na mishkaki, kisha juu humiminwa chatne ya nazi. Bakuli lililojaa nimelilipia shilingi 3,000. Huko Paris, katika karne ya 18, neno restaurant lilikuwa jina la mchuzi wa kumrudishia mtu nguvu kabla halijawa jina la nyumba ya kulia, na sisi watu wa Mjini tumekwisha kupita njia hiyo hiyo, maana huambizana "tukutane kwenye urojo" bila ya kutaja kibanda. Ubao ule ungeandikwa "Urojo" ungesema kweli yote.

Wateja hula wamesimama mbele ya ubao mrefu ambao vijana huuita kaunta. Kwa asili yake ya Kiingereza, hiyo ni meza ya kuhesabia fedha, na kweli noti huhesabiwa papo hapo pembeni ya mabakuli. Hata Forodhani, tunakokwenda kula usiku, jina lake latokana na forodha, mahali pa kutozea bidhaa ushuru.

Jina ninalolipenda kuliko yote ni la wenzetu wa Bara, mama ntilie, kwa kuwa limezaliwa kinywani mwa mteja mwenyewe anayesema "nitilie". Bibi mwenye kibanda aliponiuliza, "Mwanangu, nikutilie na pilipili?", nilihisi nimeisikia nusu ya pili ya mazungumzo hayo. Huuliza kila mtu, na humngoja ajibu.

Kasoro kubwa ni usafi: mabakuli yote husuuzwa katika ndoo moja, na jioni ya pili maji yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi bila ya kubadilishwa. Ndoo ya pili ingetosha kuliondoa tatizo hilo. Kibanda hufunguliwa baada ya Alasiri, na kachori humalizika kabla ya adhana ya Magharibi.