Shimoni, Wasini na Kisite: panga safari kwa kufuata maji kujaa na kupwa

Ziara nyingi za siku moja kutoka Diani, pwani ya kusini ya Kenya, huanza na boti asubuhi, kisha pomboo, hifadhi ya bahari ya Kisite, chakula kisiwani Wasini, na pango la watumwa la Shimoni linaachiwa dakika chache za jioni huku dereva akipiga honi. Mimi naona mpango huo umegeuzwa juu chini, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Pango lina mdomo unaotazama baharini, na maji yakijaa huingia ndani. Ukifika jioni ya bamvua, utakanyaga tope na utalipa kiingilio kizima kwa nusu ya pango.

Kwa hiyo tazama mwezi kwanza. Ukiwa mwandamo au mpevu, anza na pango asubuhi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri, na hapo pango linaweza kusubiri. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, basi usitumie saa za wiki iliyopita.

Kufika ni rahisi kwa usafiri wa umma. Ukivuka feri ya Likoni kutoka Mombasa, panda matatu ya Lunga Lunga, teremka Kanana, halafu chukua bodaboda au matatu ya kuingia ndani, kilomita kama 15. Pesa taslimu toa Ukunda.

Pango lenyewe ni la mwamba wa matumbawe ya kale. Unashuka kwa ngazi, na mwanga huingia kupitia matundu ya juu ambamo mizizi ya miti imening'inia. Nusu saa inatosha, lakini chukua mwongozo wa kijijini: bila yeye utaona mawe na popo tu. Atakuonyesha vyuma vya ukutani na kueleza jinsi watumwa walivyofungiwa humo wakisubiri kuvushwa. Habari za njia za chini kwa chini zinazokwenda kilomita kadhaa bara zichukue kama masimulizi, mgeni hapelekwi huko. Wenyeji pia wamelitumia kama mahali pa mizimu, kwa hiyo ukiona alama za ibada usiguse. Sakafu inateleza kwa unyevu na kinyesi cha popo: ndala hazifai, vaa viatu vyenye kamba, na beba tochi, maana ya simu ni hafifu kwenye kona za ndani.

Kisite ndiyo sehemu inayokula pesa. Ada ya hifadhi hulipwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa njia ya kidijitali, si mkononi, basi ilipe mapema kabla mtandao haujasumbua gatini, na dai risiti hata kama mwenye boti anasema "imo ndani ya bei". Kabla ya kupanda jaribu miwani: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikianguka, inavuja. Jaketi la kuokolea nalo lifunge ulione linabana. Maji huwa maangavu zaidi msimu wa kaskazi. Kusi ikikaza, hasa Juni na Julai, mawimbi huvuruga mchanga na wenye kichefuchefu huteseka. Siku za bamvua mkondo una nguvu katikati ya kupwa na kujaa. Mwombe nahodha akuteremshe maji yanapokaribia kusimama, na uogelee kwanza kuelekea mkondo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe kwenye boti. Usisimame juu ya matumbawe: yanavunjika, na kati yake kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi wasiokuwa na huruma na nyayo.

Pomboo ni bahati. Boti nne zikiwazunguka kundi moja, mwambie nahodha azime mashine au aondoke. Wakifukuzwa huzama na kupotea, na wote mnakosa.

Wasini hakuna magari, na maji ya kunywa beba yako. Ni kijiji cha Waislamu: jifunge kanga juu ya nguo za kuogelea kabla ya kushuka. Maji yakiwa yamepwa sana boti haifiki ufukweni, utatembea majini juu ya mawe, na wazee watahitaji mkono. Bustani ya matumbawe, yenye njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama, ndiyo ninayoipenda kuliko yote hapa: miamba iliyochongwa na bahari, mikoko pembeni, kaa wakikimbilia matundu yao. Bamvua ikijaa, maji hufunika chini ya mbao. Kaa wa kuchemsha na wali wa nazi agiza kabla ya kwenda Kisite. Ukiagiza ukirudi, utasubiri mpaka jua lizame.