Land Cruiser 80 ya petroli: ufunge dizeli ipi?

Land Cruiser 80 ya petroli ni gari tamu. Injini yake ya 1FZ-FE, yenye sisi (cc) 4,476, ina farasi zaidi ya 200 na haina kelele. Shida ni kwamba inabugia mafuta, ndiyo maana wengi wakishaipata wanaanza kuulizia dizeli.

Kabla hujamtafuta fundi, piga hesabu. Tuseme petroli inakula lita 20 kwa kilomita 100, na dizeli itakula 13. Ukienda kilomita 8,000 kwa mwaka, umeokoa lita 560. Zidisha kwa bei ya mafuta ya kwenu, kisha chukua gharama yote ya kubadilisha uigawanye kwa hilo jibu. Utapata miaka ya kurudisha hela yako. Ikizidi mitano, mimi ningebaki na petroli.

Kama bado unataka, chagua injini ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye bodi hiyo. Mauntingi, rejeta na bomba za ekzosi zinapatikana tayari. Hakuna cha kubuniwa kwa mashine ya kuchomelea.

Kwa hiyo namba moja ni 1HZ. Silinda sita, sisi 4,164, haina tabo (turbo), pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Land Cruiser 70 za kubeba watalii, hivyo fundi wa Arusha au Nanyuki anaijua hata gizani, na spea zimejaa. Ubaya wake ni uvivu: farasi 130 hivi. Ukiwa umepakia, ukipanda mlima wa Kitonga, malori yatakupita. Usijaribu kuitibu kwa kuifunga tabo ya mtumba. Joto linapanda na silinda hedi au pistoni ndizo zinazolipia. Na badilisha taimingi belti mara tu injini inapoingia, kabla ya safari yoyote. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni.

Namba mbili ni 1HD-FT, valvu 24 na tabo ya kiwandani, iliyotoka kuanzia 1995. Kwa uendeshaji ndiyo bora kuliko zote, na ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa adimu na ghali. Dada yake mkubwa, 1HD-T ya 1990 hadi 1995, inafuata. Hiyo ununue ukiwa umetenga hela ya beringi za konrodi, kwa sababu ugonjwa wake wa kulika mapema unajulikana. Zibadilishe injini ikiwa bado chini, haijafungwa kwenye gari.

1HD-FTE ya Land Cruiser 100 ina nguvu zaidi, lakini pampu yake ya dizeli inaendeshwa kwa umeme. Bila kontroli boksi (kompyuta ya injini), wayaringi kamili na ufunguo wake, umenunua chuma. TD42 ya Nissan Patrol ni ngumu kama 1HZ, ila itadai sahani ya kuchonga ili ishikane na giaboksi ya Toyota. Mkiani naweka 1KZ-TE ya sisi 2,982: kwa Prado 90 ni chaguo sahihi ukilinda mfumo wa kupoza, lakini kwenye 80 inabebeshwa mzigo usio wake, na ikichemka hedi inapasuka.

Sasa, namna ya kununua. Ukiweza, nunua nusu gari, yaani sehemu ya mbele iliyokatwa ikiwa na injini na giaboksi yake, badala ya injini tupu, iwe Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au moja kwa moja Sharjah. Giaboksi ya petroli haishikani na bloku ya dizeli, na ukianza kuokota kimoja kimoja, klachi leo, mauntingi kesho, utalipa zaidi. Hakikisha pampu ya vakyumu, ile inayovuta hewa ya kusaidia breki, imo: dizeli haitoi vakyumu kama petroli, na bila pampu hiyo breki zinakuwa nzito kama jiwe. Angalia pia stata. Dizeli nyingi zilizouzwa Japani zinawashwa kwa volti 24, na gari lako ni la 12.

Injini iwashwe ikiwa baridi, mbele yako. Ukiikuta ina moto tayari, rudi kesho. Fungua kifuniko cha oili. Pumzi ikitoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Bloku iliyopakwa rangi mpya nami naiogopa. Kipimo cha kompreshani ndicho cha mwisho: silinda zote sita zikaribiane.

Dai risiti na karatasi za forodha zenye namba ya injini. Kenya utazihitaji kubadilisha logibuku kwa mamlaka ya usafiri NTSA, Tanzania kadi ya gari kwa mamlaka ya mapato TRA, na bima nao waarifiwe. Siku hiyo hiyo fundi aoshe tangi na aondoe pampu ya petroli iliyo ndani yake, na mdomo wa tangi uandikwe DIZELI kwa herufi ambazo kijana wa sheli hawezi kuziruka.