Fura-2: Rangi ya Kupimia Kalsiamu Seli Inaposhambuliwa na Sumu za Bakteria
Kwa yeyote anayechunguza jinsi sumu za bakteria zinavyovuruga kalsiamu ndani ya seli, Fura-2, rangi inayong'aa na kubadili mng'ao wake inaposhika kalsiamu, iliyotoka katika maabara ya mwanakemia Roger Tsien mwaka 1985, ndiyo ninayoiamini zaidi. Nje ya seli tulivu kalsiamu huru huzidi ile ya ndani takriban mara 10,000. Kwa hiyo listeriolisini O, sumu ya bakteria wa Listeria, inapotoboa utando na kalsiamu ikamiminika ndani, mng'ao wa rangi unaoamshwa na mwanga wa nanomita 340 hupanda huku ule wa 380 ukishuka. Uwiano wa ming'ao hiyo ndio fahari ya rangi hii, kwani hautegemei sana seli imebeba rangi kiasi gani.

Kasoro yake kubwa, nami naisema kwa msisitizo, ni kwamba vitundu vya sumu hiyo ni vipana kiasi cha kuivujisha rangi yenyewe, na mtu asiye makini huweza kudhani seli imejiponya kwa kuziba vitundu. Tazama ming'ao yote miwili: ikififia kwa pamoja, rangi inavuja. Zinki nayo hushikamana na rangi hii na kupotosha vipimo.