Uchambuzi wa Anohana: vijana waliokwama kwenye msiba mmoja

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo nawachambulia Anohana, anime (katuni ya Kijapani) ya sehemu 11 iliyotoka mwaka 2011 kwenye studio ya A-1 Pictures. Mwongozaji ni Tatsuyuki Nagai, mwandishi ni Mari Okada. Mwisho wake sitautoboa, ila ya mwanzoni nitayagusa.

Tuko Chichibu, mji wa mabondeni mkoani Saitama, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Ni kiangazi. Jinta ameacha kwenda shule, anashinda ndani akicheza gemu, na pembeni yake yuko Menma, rafiki yake aliyekufa mtoni wakiwa wadogo. Ni Jinta peke yake anayemwona. Menma anataka atimiziwe ombi, lakini ombi lenyewe halikumbuki. Basi Jinta hana budi kuwarudia marafiki wanne wa utotoni ambao siku hizi kila mmoja ana njia yake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Siku aliyofariki Menma, Anaru, mmoja wa marafiki hao, alimuuliza Jinta mbele ya wenzao kama anampenda Menma. Jinta kwa aibu akajibu kwamba nani atampenda msichana mwenye sura mbaya kama yule, halafu akatoka mbio. Tunaonyeshwa uso wa Menma: anatabasamu. Jinta akapanga kesho yake amwombe radhi, na nafasi hiyo hakuipata tena.

Kumbe si yeye tu. Kila mmoja kati ya hao watano anaamini kosa ni lake, na wote wamenyamaza nalo. Yukiatsu, kijana mtanashati wa shule ya wateule, usiku anaingia msituni amevaa wigi na gauni jeupe kama la Menma. Najua wapo wanaoicheka sehemu hiyo. Mimi iliniuma, kwa sababu huyo ni mtoto aliyefiwa na hakupata wa kumlilia. Kukua, kwa macho ya Okada, kunaanzia pale unapomwambia mwenzako wazi ulimwonea wivu gani, hata kama ni marehemu.

Na mama yake Menma! Kuna mahali anawatolea vijana hawa uchungu wake wote: mbona ninyi mmekua, mwanangu peke yake kaachwa? Tamthilia nyingi za vijana huwasahau wazazi. Hii haikumsahau, na haikumpamba pia.

Kasoro zipo. Sehemu ya mwisho ina vilio vingi mno, siri zinamwagwa moja baada ya nyingine hadi huna nafasi ya kupumua. Tsuruko naye, aliye mkimya kuliko wote, alistahili muda zaidi.

Bado naipa tisa kwa kumi. Ukiianza, vumilia sehemu mbili za kwanza, mambo yanakolea kuanzia ya tatu. Ile filamu ya mwaka 2013 iache kwanza, maana inarudia mengi ya humu, na bila kuwajua hawa vijana haitakugusa.