Kifurushi cha Uchunguzi wa Afya Mtwara Mjini: Vipimo Safi, Usomaji Hafifu

Katika njia ninayopita kila asubuhi hapa Mtwara mjini kuna bango linalotangaza "uchunguzi wa mwili mzima" kwa shilingi 60,000, katika kituo kimoja cha afya cha binafsi kisicho mbali na soko kuu. Nililipuuza mpaka mwezi wa pili, msimu wa korosho ulipokwisha na mimi, karani wa chama cha msingi cha ushirika, nilipobaini kwamba suruali niliyoshonewa kabla ya mnada wa kwanza haifungi tena. Tangu wakati huo nimekwenda pale mara tatu. Kituo chenyewe sitakitaja kwa jina, kwa kuwa ninachokusudia kukipima ni kifurushi, ambacho kwa sura hiyohiyo kinauzwa sasa na watoa huduma wengi.

Safari ya kwanza iliharibika mapokezini. Nilipiga simu siku moja kabla, nikaambiwa nije saa yoyote, na hakuna aliyeniuliza kama nitakuwa nimekula. Nikaja saa nne asubuhi nikiwa nimeshakunywa chai ya maziwa yenye sukari na kula vitumbua vinne, nikalipa, nikapewa risiti, kisha mtaalamu wa maabara akaniuliza nilikula saa ngapi. Sukari ya kufunga hupimwa baada ya kukaa muda wa saa nane au zaidi bila chakula, na mafuta ya damu aina ya trigliseridi hupanda baada ya mlo, hivyo damu yangu ya asubuhi ile isingesema lolote la maana. Mtaalamu yule alistahili heshima kwa kunirudisha nyumbani badala ya kuchukua damu tu ili foleni isogee. Lakini swali moja la simu lingeniokolea nauli ya bajaji na ruhusa ya kazini.

Siku iliyofuata nilifika saa moja asubuhi nikiwa na njaa, na hapo niseme wazi kwamba kazi ya vipimo ilifanywa vizuri kuliko nilivyotarajia. Presha nilipimwa baada ya kuketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti na mkono umelala mezani, kisha wakarudia. Muuguzi alibadilisha mkanda wa kwanza akachukua mpana zaidi, akaeleza kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Nimepimwa presha mara nyingi katika maisha yangu, mara nyingine nikiwa nimesimama na ninazungumza na simu, na sikuwahi kuona uangalifu wa namna hiyo. Maabara ni safi, sindano ilifunguliwa mbele yangu, na majibu yalikuwa tayari kabla ya saa nne.

Ni katika majibu hayo ndipo kifurushi kinapoonyesha udhaifu wake. Karatasi ilikuwa na safu ya majibu na safu ya viwango vya kawaida, na palipo na tatizo huchorwa mshale. Yangu haikuwa na mshale hata mmoja. Presha 134 kwa 86, chini ya 140 kwa 90 inayotajwa kuwa ni ugonjwa. Sukari ya kufunga 5.9, na karatasi inaruhusu mpaka 6.1. Trigliseridi 2.0, na karatasi inaruhusu mpaka 2.26. Lehemu nzuri, yaani kolesteroli aina ya HDL, 1.1, ambayo kwa mwanamume inatosha, ingawa kwa mwanamke ingehesabiwa kuwa ndogo. Daktari, kijana mwenye adabu na mwenye haraka, aliipitia karatasi kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema, "Mzee wangu, uko vizuri. Punguza uzito kidogo tu." Nilishukuru, nikasimama kuondoka.

Aliyenizuia ni muuguzi yuleyule wa presha, mama wa makamo, aliyekuwa na futi ya fundi cherehani mfukoni mwa gauni lake. Kipimo alichotaka kunipima hakimo katika kifurushi na hakina bei.

"Baba, simama wima, usivute tumbo ndani," alisema.

"Sista, hili silivuti. Lilishachoka kuvutwa."

Alitafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akapitisha futi katikati ya hapo, akangoja nitoe pumzi ya kawaida, akasoma sentimita 101. Alinieleza kwamba saizi ya suruali haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu sisi wenye vitambi tunafunga mkanda chini ya tumbo na kujidanganya kwamba kiuno ni kilekile cha ujana. Kisha akazungushia kalamu namba tatu katika karatasi yangu, presha, sukari na trigliseridi, akaandika 101 pembeni, akasema niyasome majibu haya yote manne kwa pamoja.

Kusoma kwa pamoja ndiyo maana nzima ya kile ambacho wataalamu hukiita sindromu ya metaboli, yaani kundi la kasoro tano ambazo kila moja ikitazamwa peke yake huonekana ndogo. Daktari wa Marekani Gerald Reaven alilieleza kundi hilo katika mhadhara wa mwaka 1988, wakati huo akiliita Sindromu X. Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili yake mwaka 1998, na mwaka 2009 mashirika kadhaa makubwa ya kisukari na moyo yalikubaliana kwamba mtu akiwa na kasoro tatu kati ya tano anayo. Kasoro hizo ni kiuno kipana, presha kuanzia 130 ya juu au 85 ya chini, sukari ya kufunga kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na lehemu nzuri iliyo chini ya 1.03 kwa mwanamume au 1.29 kwa mwanamke. Kuhusu kiuno, Marekani wametumia sentimita 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake, ilhali Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishauri kwamba kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara zitumike 94 na 80 mpaka vipatikane viwango vyetu wenyewe. Kwa kipimo hicho mimi ninazo nne kati ya tano. Hata kwa kipimo cha Kimarekani zinabaki tatu, na bado karatasi haikuwa na mshale.

Sababu ni kwamba mishale ya maabara imewekwa kunasa ugonjwa uliokwisha kuingia, nayo sindromu hii hukaa barazani kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Mafuta yaliyojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, humwaga asidi za mafuta kuelekea kwenye ini. Ini nalo huzidisha kutengeneza sukari na trigliseridi. Misuli huanza kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Insulini ikizidi, figo huzuia chumvi isitoke, na presha hupanda. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka bila maumivu yoyote, hadi kongosho lichoke na kisukari cha aina ya pili kidhihirike. Mwenye sindromu hii ana hatari ya kupata kisukari hicho takriban mara tano ya asiye nayo, na hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi takriban mara mbili. Ini lenye mafuta, jongo na kudhoofika kwa figo huandamana nayo mara nyingi. Kwa sisi wa huku, ambao Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, kugundua mapema kunaokoa pia gharama ya safari, malazi na ndugu wa kukusindikiza.

Sasa tazama shilingi 60,000 zilikokwenda. Kifurushi kilijumuisha malaria na homa ya matumbo, ilhali sikuwa na homa. Kundi la damu, ambalo nalijua tangu nilipokuwa shuleni. Choo na mkojo. Na picha ya ultrasaundi ambayo hakuna aliyenieleza iliangalia nini. Mkojo nausamehe, kwa sababu protini ndani yake huweza kuonyesha figo zinazoumia. Mengine ni ya kuijaza orodha ili bango lipendeze. Ningependa kuona kifurushi kidogo chenye sukari ya kufunga, mafuta ya damu, presha na kiuno, na fedha inayobaki inunue robo saa ya daktari.

Mwisho nilikabidhiwa karatasi ya ushauri wa lishe, ambayo inamshauri mkazi wa Mtwara ale brokoli, shayiri na samaki wa salmoni. Haisemi neno juu ya ugali wa muhogo, ming'oko, wali wa nazi, pweza au samaki wa chumvi. Haisemi kwamba chumvi ya siku nzima haipaswi kufika gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na kwamba samaki wa chumvi mmoja anaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Haisemi kwamba kunde na mbaazi, ambazo wengi wetu tunazilima kwa ajili ya kuuza, ndizo zingepunguza kilima cha ugali sahanini. Haigusi pombe, ingawa pombe hupandisha trigliseridi na msimu wa mabibo huku ni msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Na kwa kuwa haigusi korosho, imeacha uvumi uendelee kwamba korosho ina lehemu. Haina, kwa sababu ni mmea. Inachobeba ni nishati nyingi na, ikikaangwa kwa kuuzwa barabarani, chumvi. Karani anayekula konzi mbili kila alasiri akingoja malori hawezi kuishangaa suruali.

Muuguzi alinipa ushauri mfupi uliokuwa na uzito kuliko karatasi: nipunguze uzito na nitembee. Ushahidi wake upo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 wenye sukari iliyoanza kupanda waligawanywa katika makundi. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa dawa ya metformini kwa asilimia 31. Kwangu mimi mwenye kilo 84, asilimia 7 ni kilo sita hivi. Nikaacha sukari katika chai, jambo lililokuwa gumu kuliko kutembea jioni kutoka Shangani hadi kwenye feri ya Msangamkuu na kurudi.

Nilirudi mwezi wa sita kurudia vipimo vinne tu, nikalazimika kubishana mapokezini ili nisiuziwe kifurushi kizima. Safari hii mpokezi aliniuliza kama nimekula, na hilo ni badiliko ninalolipongeza. Presha ilikuwa 128 kwa 82, sukari 5.5, trigliseridi 1.8. Fomu mpya imechapwa kwa rangi na nembo kubwa, lakini haina mstari wa kiuno, kwa hiyo sista aliandika 97 kwa penseli ukingoni mwa karatasi, na chini yake 94, akaipigia mstari.