Akademi Fantasia: anza na darasa, tamasha litafuata

Ukiniuliza uanze na shindano gani la uimbaji la runinga ya Malaysia, nitakutajia Akademi Fantasia ya Astro, kampuni ya runinga ya kulipia, misimu ile ya mwanzo. Mfumo wake ulitoka Mexico, kwenye La Academia ya TV Azteca, na Malaysia ikaanza nao mwaka 2003. Washiriki waliitwa pelajar, yaani wanafunzi, na kweli walisoma. Walikaa nyumba moja, walipewa wimbo wa wiki, walinolewa sauti na dansi, halafu Jumamosi usiku walipanda jukwaani. Mwenye kura chache alifungasha.

Wageni wengi wanakosea kwa kutafuta vipande vya tamasha peke yake. Kazi yenyewe imo kwenye Diari, kipindi cha kila siku kinachowaonyesha wanafunzi wakiwa darasani. Utaratibu wangu ni huu: kwanza nasikiliza wimbo ulivyorekodiwa na mwimbaji wake wa asili, mara mbili, nikitafuta mstari ulio juu kuliko yote. Kisha naangalia Diari yenye darasa la sauti. Tamasha linakuja mwisho. Mstari ule ule nausikia mara tatu, na hapo naelewa mwanafunzi amepata nini na amepoteza nini ndani ya siku chache. Ukiruka hatua hizi, unabaki kushabikia nguo na machozi.

Mstari wa juu una maana kubwa kwa sababu balada za Kimalay, yaani nyimbo za taratibu za hisia, hasa za roki ya miaka ya 1980 na 1990, zinamtaka mwanamume aimbe juu sana kwa sauti ya kifua, na kiitikio cha mwisho mara nyingi hupandishwa tena nusu toni au toni nzima. Mwanafunzi akichagua ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, unaomfaa kwenye ubeti wa kwanza, kiitikio hicho kinamkaba koo. Akiushusha ili ajiokoe huko juu, maneno ya mwanzo yanazama chini ya besi na husikii kitu. Ndiyo maana namheshimu zaidi anayeimba ubeti wa kwanza ukasikika kila silabi kuliko anayepiga kelele mwishoni.

Sikiliza pia irabu za mwisho. Chukua neno cinta, mapenzi, linalotamkwa “chinta”. Katika mazungumzo ya Kuala Lumpur ile a ya mwisho inafifia, inakaribia e hafifu ya kumezwa. Kwenye wimbo huimbwa a kamili, wazi, kama a yetu ya Kiswahili. Mwanafunzi aliyechoka hurudi kwenye matamshi ya mtaani, mdomo unafunga nusu, na noti ndefu ya mwisho wa mstari inakufa kabla ya pumzi yake kwisha. Watu wa Sabah na Sarawak, majimbo ya Malaysia yaliyo kisiwani Borneo, wana nafuu hapo, maana a hiyo wanayo hata wakiongea. Majaji wakisema sebutan, wanazungumzia matamshi. Sumbang ni kuimba nje ya ufunguo. Penghayatan ni kuuingia wimbo kwa moyo. Kwa maneno hayo matatu utafuata zaidi ya nusu ya maoni yao bila tafsiri.

Mengine utayabahatisha mwenyewe: dunia, waktu, sabar, nasib, khabar, yote yamepita Uarabuni kama ya kwetu. Jihadhari na hati. Imo karibu kila balada na haina uhusiano na karatasi yoyote, ni moyo.

Wiki za nyimbo za asili usizikose kabisa. Zapin, muziki na dansi ya asili, imetokana na Wahadhrami wa Yemen, wale wale waliofika Lamu, Mombasa na Zanzibar, na ndani yake kuna gambus, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa kibangala, pamoja na ngoma za marwas. Hapo mwanafunzi wa pop anaumbuka haraka, kwa sababu sauti inatakiwa izunguke na kupindapinda kabla ya kutua, na mapambo hayo hayajifunzwi kwa siku nne. Masikio yaliyozoea taarabu yanagundua kosa mara moja: anapamba kila noti, au anapamba mahali ambapo neno bado halijakamilika.

Sasa kura. Katika misimu ya mwanzo aliyebaki na aliyeondoka waliamuliwa na kura za watazamaji, na SMS zilitumwa kwa wingi, mtu mmoja akipiga nyingi awezavyo. Kwa hiyo usisome matokeo kama cheti cha sauti. Mawi, kijana wa kijiji cha Felda (mpango wa serikali wa kuwapa wakulima ardhi na makazi) huko Johor, alishinda msimu wa tatu mwaka 2005 akiwa na wapenzi ambao hakuna mshindani aliyewakaribia. Wapo walioitilia shaka sauti yake, lakini watu walijiona ndani yake, na hilo nalo ni kipaji jukwaani. Ilichukua hadi msimu wa tano, 2007, mwanamke kushinda: Mila. Nikitazama wanawake waliotolewa mapema kabla yake, naumia. Wawili watatu walistahili kufika mbali.

Rekodi zilizopo mtandaoni zina mtego wake. Baadhi ya wapakiaji huongeza kasi au hupandisha sauti kidogo ili video isiondolewe, na mwimbaji safi anaonekana anaimba juu ya ufunguo. Kipimo rahisi ni mtangazaji: Aznil Nawawi akisikika kama mtoto, video imechezewa, achana nayo. Tumia visikizio vya masikioni. Spika ya simu huficha besi, na bila besi huwezi kujua kama mwimbaji ameshuka au bendi ndiyo imemzidi nguvu. Kwenye wimbo wa dansi mtazame miguu: sauti ikiyumba katika mistari miwili ya kwanza ya kiitikio baada ya kuruka, tatizo ni pumzi, sikio lake ni zima.

Ukishazoea, hamia Gegar Vaganza, pia ya Astro, iliyoanza 2014. Humo wanashindana waimbaji ambao tayari wana majina. Syafinaz Selamat, soprano na mwalimu wa sauti, amewahi kukaa pale kama jaji, na maelezo yake kuhusu pumzi na mahali pa kuweka sauti yanamfaa hata mwanakwaya wa kwetu. Tamasha likianza saa tatu usiku Kuala Lumpur, Nairobi na Dar es Salaam ni saa kumi jioni, Muscat saa kumi na moja, Lubumbashi saa tisa alasiri.