Holi ya Mathura na Vrindavan: tathmini ya safari ya kuongozwa

Msafiri anayekwenda Mathura na Vrindavan, kaskazini mwa India, wakati wa Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, huuziwa safari nyingi zinazofanana, ambazo humfikisha penye rangi, akapiga picha na kurudishwa hotelini. Safari niliyoilipia kwa kampuni ndogo ya hapo Mathura ina kasoro ambazo nitazieleza, lakini ilinipa kile nilichokifuata, yaani maelezo ya kina kuhusu asili ya sikukuu hiyo, yakitolewa mahali inapoadhimishwa.

Mwongozaji hakuanza na rangi. Jioni ya kwanza alitupeleka kwenye njia panda penye lundo la kuni, ambalo katika eneo la Braj, yaani Mathura, Vrindavan na vijiji vya jirani, huanza kukusanywa siku ya Vasant Panchami, siku 40 hivi kabla ya Holi. Hapo alisimulia habari za mfalme Hiranyakashipu, aliyetaka kuabudiwa yeye, na za mwanawe Prahlada, aliyeshikilia kumwabudu mungu Vishnu hata baba akaazimia kumwua. Holika, shangazi yake Prahlada, alikuwa na kinga dhidi ya moto. Akampakata mtoto na kuketi naye motoni, lakini kinga ile haikumfaa, akateketea yeye na mtoto akatoka salama. Lundo liliwashwa usiku wa mwezi mpevu wa Phalguna, mwezi wa kalenda ya Kihindu ambao huangukia Februari au Machi, na watu wakachoma mashuke mabichi ya nafaka katika moto uleule. Kwa kuwa tulikwishaelezwa, tuliona kwamba ushindi wa Prahlada na shukrani kwa mavuno yanayokaribia vinaadhimishwa kwa pamoja, jambo ambalo mgeni aliyefika asubuhi ya rangi hawezi kulitambua.

Siku ya Barsana nayo ilitayarishwa vizuri. Inasimuliwa kwamba mungu Krishna, kwa kuona ngozi yake nyeusi na ya mpenzi wake Radha nyeupe, alimlalamikia mama yake Yashoda, naye akamwambia akampake Radha rangi yoyote aipendayo. Ndiyo maana wanaume wa Nandgaon, alikokulia Krishna, huja Barsana, kijiji cha Radha, na wanawake huwapokea kwa fimbo huku wanaume wakijikinga kwa ngao. Huko Vrindavan tulielezwa pia kuhusu wajane, ambao kwa desturi huvaa nyeupe na kujiepusha na rangi, lakini tangu 2013 wamekuwa wakicheza Holi hadharani. Jambo hilo linanigusa sana, na nashukuru kwamba lilizungumzwa kwa heshima.

Kasoro ya kwanza ni rangi. Tulisifiwa maji ya rangi ya machungwa yanayopatikana kwa kuchemsha maua ya mti wa palash, kisha tukagawiwa unga wa kiwandani uliotuwasha macho. Ya pili ni nzito zaidi: kwenye hekalu la Banke Bihari msongamano ulikuwa mkali, baadhi ya wanawake wa kundi letu wakashikwashikwa miili, na kampuni haikuwa imetoa onyo lolote wala kuweka mwongozaji wa kike.

Kwa anayetaka kuielewa Holi, naipendekeza safari hii, mradi kabla ya kulipa adai rangi za maua, na wanawake wahakikishiwe kwa maandishi mwongozaji wa kike na njia ya kuondoka mapema hekaluni.